Altezza RS200 au Subaru WRX? Naishi Mbeya, nikachukua turbo, na sijutii

Nilipoanza kusema nataka gari la kukimbia, kila aliyewahi kushika spana alinipa hotuba ileile. Turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) ni kesi. Turbo inakunywa wese. Turbo ikifa umekwisha. Chukua injini ya kawaida bila turbo ulale usingizi. Wengi wa waliosema hivyo hawajawahi kumiliki gari la turbo hata moja, na hakuna aliyeniuliza swali la maana, kwamba wewe unaishi wapi na gari utaliendesha wapi. Hilo ndo limenifanya niandike, maana mtu wa Kigamboni kule Dar na mtu wa Uyole huku Mbeya hawawezi kupewa jibu moja kwenye hii habari, haiwezekani kabisa.

Magari niliyokuwa nayapigia hesabu ni mawili, Toyota Altezza RS200 isiyo na turbo, na Subaru Impreza WRX yenye turbo, ile modeli ya GDA, zote za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zote lita mbili, zote manuali. Kuagiza Japani nilikata tamaa mapema kwa sababu gari la umri huo kodi ya uchakavu inalikuta, na ukijumlisha na meli na bandari unaona bora utafute mkononi (wenzetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo sisi tushukuru tuna uchaguzi). Kwenye makaratasi Altezza RS200 manuali ina injini ya 3S-GE, nguvu za farasi 210, lakini hizo unazikuta mshale wa mizunguko ya injini ukiwa 7,600 kwa dakika, na mvuto wake (torki, ile nguvu ya kuzungusha) Nm 216 unaukuta 6,400. WRX ina farasi 250 kwenye 6,000 na mvuto wa Nm 333 kwenye 3,600 tu. Rudia hizo namba za mvuto taratibu, ndo kila kitu.

Sasa shemeji yangu ana RS200 yuko Dar, gari safi, kalitunza haswa. Akaniachia nije nalo Mbeya kwa sababu yeye alikuwa anakuja na familia kwenye gari lingine. Aisee, kutoka Kibaha mpaka Morogoro nilisema basi, nimemaliza, nachukua hili. Injini inaitika pale pale mguu unapogusa, hakuna kusubiri, gia sita fupi fupi, ukiipeleka juu ya elfu sita inaimba yenyewe. Mikumi nikaenda kwa adabu kwa sababu ya wanyama na tochi. Kitonga nikaanza kuona tofauti lakini nikasema ni mlima tu, malori yamejaa, hakuna gari linalopanda Kitonga kwa raha. Ila Mafinga kule juu, barabara imenyooka, nikataka kuovateki semi mbili za Tunduma zimefuatana, nikashusha gia ya tatu, nikakanyaga mpaka chini, na gari ikawa inapanda mwendo taratibu sana mpaka nikarudi nyuma ya lori. Nikashusha mpaka ya pili, makelele mengi, mwendo ni uleule. Nikadhani plagi, nikadhani mafuta mabaya niliyojaza njiani. Halafu tukapita Makambako, tukateremka mpaka Igawa na Chimala kule bondeni, na gari ikachangamka yenyewe bila mtu kuigusa! Nikaovateki nilivyotaka. Tukaanza kupanda tena Inyala kuja Uyole, ikalala tena. Hapo nikaelewa kwamba gari halina ugonjwa wowote, ni hewa.

Usawa wa bahari presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, presha inabaki 82 au 83. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, kwa hiyo hewa ikipungua karibu asilimia 18 na nguvu inapungua karibu hivyo hivyo, zile farasi 210 za Dar huku ni 170 na kitu. Ni sawa na mtu kupanda ngazi ameziba pua moja. Turbo yenyewe inasukuma hewa ndani mpaka ifike presha ambayo kompyuta ya gari imepangiwa, hewa ya nje ikiwa nyepesi inazunguka kwa kasi zaidi kufidia. Haifidii yote, na huku juu inachelewa kidogo zaidi kuamka kuliko Dar, hilo silifichi, lakini inachopoteza ni kidogo. Na hii siyo habari mpya. Mwaka 1918 Wamarekani walipandisha injini ya ndege ya Liberty mpaka kilele cha Pikes Peak, mita 4,300, kuipima ikiwa na turbo, kwa sababu ndege zilikuwa zinaishiwa nguvu zikipanda juu. Yaani moja ya kazi za kwanza kabisa za turbo ilikuwa ni shida hii hii ya mwinuko, halafu fundi yuko Mbeya ananiambia turbo ni ya mbwembwe.

Basi nikaamua WRX. Ya kwanza niliiona Dar, ya bluu, rimu za dhahabu, ukiachia mafuta inapiga ile "pshhh" mpaka watoto wanageuka. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi, milioni kumi na kidogo. Mimi ile pshhh ndo ilinitia wasiwasi. WRX inapima hewa inayoingia kwa sensa iliyo mbele ya turbo, sasa mtu akifunga kidude cha kutupa hewa nje badala ya kuirudisha, kompyuta inadhani hewa iko ndani wakati imeshamwagwa, inatia mafuta mengi bure. Aliyebadilisha hicho kwa ajili ya sauti mara nyingi kabadilisha na vingine. Nikamwambia muuzaji, kaka, mimi silipi mpaka tupime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana. Akasema boss gari inapiga stata moja, kompresheni ya nini tena? Nikasisitiza. Plagi za Subaru ziko ubavuni mwa injini, kuzifikia ni kazi ya kuchubuka vidole, kwa hiyo mafundi wengi hawapendi na wauzaji wanajua hilo. Tulitoa zote nne, fyuzi ya pampu ya mafuta tukaitoa, nikakaa kwenye kiti nikakanyaga mafuta mpaka mwisho wakati fundi anapiga stata. Silinda tatu zikasoma 140 na kitu psi. Ya nne ikasoma chini ya 100. Kimya. Muuzaji akasema tia oili kidogo humo utaona inapanda, ni ringi zimekauka tu. Sasa huo mtindo wa kutia oili ni wa injini zenye silinda zilizosimama. Za Subaru zimelala, oili inakaa upande mmoja wa chini, hata ukipata jibu hujui limetoka wapi. Silinda namba nne kwenye injini za EJ za turbo (EJ ndo aina ya injini iliyomo kwenye hizi WRX) inajulikana, pistoni inapasuka pale ringi inapokaa, hasa mtu akiongeza presha bila kupanga mafuta yaendane nayo. Nikashukuru, nikalipa fundi wa watu elfu zake kadhaa, nikaondoka. Hapo ndo wale wa "turbo ni kesi" wakapata la kusema, tulikwambia! Lakini gari lile halikuuliwa na turbo, liliuliwa na mtu aliyelichezea.

Ya pili nikaipata hapa hapa Mbeya, ya mzee mmoja mstaafu wa Forest, namba D, ya fedha, haijaguswa, hata redio ni ile iliyokuja nayo. Kwenye simu tukapatana nije saa tatu asubuhi. Mimi nikafika saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya mnaijua. Nimebisha hodi, nikamwambia, "Shikamoo mzee, samahani nimewahi, nilitaka kuiona gari kabla haijawashwa." Akacheka, akasema, "Marahaba kijana, naona wewe gari unalijua. Ngoja nivae koti."

Wauzaji wengi wanawasha gari nusu saa kabla hujafika, injini ikipata moto inaficha mengi. Nikaweka kiganja kwenye boneti, baridi kabisa, umande juu. Nilikuja na leso nyeupe, mjukuu wake akaishika kwa nyuma ya bomba la moshi kwa umbali kidogo mimi nikiwasha. Ikagonga tak tak tak kwa muda mfupi, hiyo ni pistoni zikiwa baridi, ikapotea ilipoanza kupata joto, na hiyo nilikuwa naitegemea kwenye EJ. Mvuke mweupe ulitoka mwingi, ni maji tu kwa ile baridi. Leso ikalowa, haikuwa na doa la oili. Nikaangalia tenki dogo la maji kama linatoa mapovu, hakuna. Tukapanda nayo barabara ya Chunya, kona za Kawetere, kushuka nikaiacha ikinguruma pale getini dakika kadhaa halafu nikapiga resi ghafla, maana sili za turbo zikiwa zimechoka ndo hapo moshi wa bluu unatoka. Haukutoka. Ilipopoa nikafungua paipu ya hewa nikashika kimhimili cha turbo kwa vidole, pembeni kinacheza kidogo sana na hiyo ni kawaida yake, mbele na nyuma hakichezi kabisa, na ndo unachotaka.

Sasa ngoma ikaja kwenye kompresheni. Tumeenda gereji moja huku Soweto, silinda zote nne zikasoma kati ya 115 na 120. Fundi akatikisa kichwa, "Injini imechoka hii, achana nayo, za Subaru zinatakiwa 140." Na mzee wa watu uso ukamshuka, maana gari lake kalipenda kweli. Mimi moyoni nilikuwa nafurahi, kwa sababu nilishafanya hesabu nyumbani. Geji inasoma kile ambacho silinda imevuta na kubana. Ukivuta hewa yenye presha pungufu kwa asilimia 18, utabana pungufu. Chukua 140 ya Dar uizidishe kwa 0.82, unapata 115. Yaani ile ni injini nzima kabisa, na la muhimu zaidi zote nne zinalingana. Nikamweleza fundi, hakukubali mpaka tulipochukua RAV4 ya mteja wake aliyoifunga injini upya mwenyewe, akaipima kwa geji ileile, na yenyewe ikasoma chini ya alichozoea kusoma kwenye kitabu. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe nimeua injini za watu wengi kwa mdomo." Namheshimu sana kwa kusema vile, na ndo fundi wangu mpaka leo. Wangapi huku nyanda za juu wamefungua injini nzima kwa sababu ya hiyo 140? Inauma ukifikiria.

Nililipa milioni kumi na ngapi hivi, na ya ziada ikaenda kwenye mkanda wa taimingi na pampu ya maji, maana mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni na sikuwa tayari kuamini maneno ya mtu hata awe mzee mwema kiasi gani.

Kulitunza siyo miujiza. Oili nzuri sintetiki, kila kilometa 5,000, na kijiti cha oili nakiangalia kila nikijaza mafuta, kwa sababu EJ ikipungukiwa oili inakula beringi za krenki na hapo ndo watu wanasema turbo imeua. Asubuhi sikanyagi mpaka joto lipande. Nikitoka kupanda Kitonga kwa nguvu sizimi papo hapo, naiacha inguruma kidogo. Kuna vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti za paipu ya oili kwenye Subaru nyingi za turbo za miaka hiyo, vikiziba turbo inakosa oili na inakufa ikiwa nzima, muulize fundi wako kama anavijua, akisema hajawahi kuvisikia tafuta mwingine. Mafuta mjini inaenda kilometa saba nane kwa lita, ndiyo inakunywa, nalijua na nalilipia.

Ila ningekuwa Dar ningechukua Altezza bila kufikiri mara mbili. Kule hewa imejaa, unapata farasi zako zote, na intakula ya WRX (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imekaa juu ya injini, ukiwa kwenye foleni ya Mwenge saa kumi jioni inakaangwa na joto na hewa inayoingia inakuwa ya moto. Huku kwetu na hii baridi inafanya kazi yake vizuri. Nimemwambia shemeji, akitaka kuiuza ile RS200 asiilete sokoni Mbeya, mtu ataijaribu kupanda Mlima Nyoka atasema imechoka na kumpa nusu bei. Aiuze huko huko pwani, mnunuzi aijaribu barabara ya Bagamoyo.