Jumapili zilizouza unga

Depo yenyewe iko manispaa iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, karibu na soko. Inauza unga wa mahindi, mifuko ya kilo 25. Mwenye depo, tunayemwita Papa, alitaka jambo moja tu: Jumatatu ikifika ajue wiki hiyo itaondoa mifuko mingapi, aagize lori mapema kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza lugha ya programu ya Python na scikit-learn, zana yake ya kuifundisha kompyuta kutabiri, nikawa natafuta mahali pa kuonyesha ufundi.

Alinipa mauzo ya miaka mitatu kwenye Excel. Kompyuta zetu huku ni za Kifaransa: desimali ni mkato, na Excel ikihifadhi jedwali kama faili la maandishi (CSV), safu hutenganishwa kwa nukta-mkato. Pandas, zana ya Python ya kusoma majedwali, husubiri nukta kwenye desimali na mkato kati ya safu. Hilo hurekebishwa kwa maneno mawili kwenye amri ya kusoma faili, halikunisumbua.

Nikajenga modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na mauzo ya nyuma, ya aina ya miti mingi ya maamuzi. Siku za kuipimia nilizichota huku na huku, katikati ya zile ilizojifunzia, na majibu yakaja mazuri mno. Nikampigia Papa kwa furaha, jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Kwani nilipoifundisha kwa siku za nyuma tu, nikaipima kwa miezi mitatu ya mwisho, ilishindwa na wastani wa wiki nne zilizopita. Hesabu hiyo Papa huipiga kichwani akinywa chai.

Umeme ukakatika siku mbili. Uliporudi nikaacha modeli, nikachora mauzo kwa siku za juma, nikakuta Jumapili zinauza kama kawaida. Sasa Papa ni mzee wa kanisa, depo yake itauzaje Jumapili?

Ilikuwa tarehe. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Pandas, usipoiambia, hutanguliza mwezi, kwa hiyo 5/1 kwangu ni Januari, kwake ni tarehe mosi Mei. Na toleo la zamani nililokuwa nalo, likikutana na 25/1, liligeuza lenyewe bila kulalamika. Basi siku 12 za mwanzo za kila mwezi zilikuwa zimetawanyika mwaka mzima, na msimu wa uhaba, ule wa kabla ya mavuno, ukayeyuka. Nikaiambia siku itangulie. Jumapili zikabaki tupu.

Zikabaki sifuri nyingine, za katikati ya wiki. Modeli ilizisoma kama siku ambazo watu hawakutaka unga. Nikamuuliza mama anayepokea pesa. Akanitazama kwa huruma:

"Mutoto yangu, ile siku bunga ilikuwa imeisha. Ulitaka tuuzishe nini?"

Tukakaa na daftari lake la malori jioni tatu, tukizitia alama siku kavu moja moja. Hiyo ndiyo kazi iliyobadilisha kila kitu. Siku hizo zilipoondolewa, modeli iliushinda wastani, lakini kidogo sana, kwa sababu wastani nao, bila siku hizo, ulikuwa umenyooka.

Papa ameuchagua wastani. Uko kwenye karatasi ukutani, mama huusahihisha kila Jumamosi, na hauhitaji umeme. Mimi nimeomba kitu kimoja: unga ukiisha, mama apige mstari kwa kila mteja anayerudi mikono mitupu. Jumanne iliyopita, kufikia saa nne asubuhi, alikuwa na mistari 14.