Tarehe 10 Juni 2025

Leo imetimia miaka 7 tangu nyumba ya Luc Nkulula iungue usiku pale Goma, mashariki mwa Kongo, naye akiwa ndani. Alikuwa mwanasheria kijana, na mmoja wa wanaharakati waliojulikana zaidi wa LUCHA, vuguvugu la vijana wa mji wetu. Nimekaa hapa Nairobi tangu asubuhi nikitaka kuandika juu ya moto ule, lakini kila nikianza najikuta naandika juu ya maji.

Kwa sababu maji ndiyo yaliyotutoa nje. LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, na miongoni mwa madai yake ya kwanza yalikuwa ajira kwa vijana na maji ya bomba. Asiyeujua mji wetu atashangaa: Ziwa Kivu liko pale pale. Lakini panda Ndosho au Majengo alfajiri uone watoto na bidoni zao za njano, wengine hawajafika hata kiuno cha mtu mzima, wanatafuta maji kabla ya shule.

Basi vijana wakakaa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yao. Walikaa juu ya lami na juu ya mawe meusi ya volkano, wameshikana mikono, polisi wakawabandua mmoja mmoja na kuwatupia garini. Hakuna aliyeokota jiwe, na huko kwetu mawe yako kila unapokanyaga.

Vuguvugu lilikataa kuwa na rais. Pasipo kichwa, hakuna cha kukata. Ndivyo tulivyoelezana, na mpaka leo naona walifikiri vizuri. Ila dola haikumngoja mtu apewe cheo ndipo imfuate. Machi 2015 Fred Bauma wa LUCHA alikwenda Kinshasa kwenye uzinduzi wa Filimbi, vuguvugu jingine la vijana, akakamatwa pamoja na Yves Makwambala. Wakashtakiwa kwa njama dhidi ya mkuu wa nchi, wakatoka Agosti 2016. Februari mwaka huohuo vijana 6 walikamatwa Goma alfajiri, wakiwa bado wanaandaa mabango ya mgomo wa siku moja. Mabango tu! Rebecca Kavugho alikuwa mmoja wao. Walihukumiwa miaka 2, rufaa ikaipunguza ikawa miezi 6.

Kutokuwa na kiongozi kuliliokoa vuguvugu. Watu wenyewe hakukuwaokoa, na hili tulipaswa kulisema kwa sauti zaidi.

Nayajua maisha hayo kwa sababu ya mdogo wangu. Alikuwa halali nyumbani siku mbili mfululizo. Simu ikilia usiku, nyumba nzima inashika pumzi. Rafiki zake wa shule wakaanza kumsalimia kwa mbali, na siwalaumu, wana wazazi. Marafiki wapya tuliwaogopa vilevile, maana huwezi kujua nani katumwa. Alikuwa na miaka ishirini na kitu na hakuweza kumwambia msichana aliyempenda kesho atakuwa wapi.

Aliposhikwa, mama alizunguka mji akiuliza, "Bamemupeleka wapi?" Mahali tulipompata sitapataja. Mama alimpikia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akabeba kichwani. Mlangoni mlinzi akachovya kijiti kwenye sombe, akakoroga mpaka chini akitafuta sijui nini. Mama akamtazama, akafunika sufuria, akasema, "Aksanti, mwanangu." Mimi nilitetemeka kwa hasira. Yeye alitaka chakula kifike, na kilifika.

Watu huandika juu ya ushujaa wa vijana hawa na kuwasahau wanaobeba sufuria. Mtoto mmoja akifungwa, nyumbani yupo anayepika, yupo anayebeba, yupo anayeuza kitenge cha harusi ili alipwe wakili.

Tena waliofungwa walirudi. Lakini Beni, mji mwingine wa Kivu Kaskazini, waliuawa wenzao Obadi Muhindo, 2019, Freddy Kambale, 2020, na Mumbere Ushindi, 2022. Wote walipigwa risasi kwenye maandamano. Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zikahukumu raia. Januari mwaka huu waasi wa M23 wakaingia Goma. Wenye bunduki wamebadilika, lakini kijana anayehoji bado analala kwa watu au anavuka mpaka. Ndivyo tulivyofika huku sisi.

Mdogo wangu anataka kurudi. Jana usiku tumebishana mpaka jirani akagonga ukuta. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, "wote tukiondoka, nani atauliza?" Nimemwambia aulize akiwa huku, akiwa hai. Hakukubali. Leo hatujasemeshana.

Kuhusu Luc, wenzake hawakuamini kwamba moto ule ulikuwa ajali, wakadai uchunguzi huru. Nami naudai leo, kwa jina lake kamili: Luc Nkulula. Nataka ripoti iliyoandikwa, itakayosomwa hadharani mbele ya ndugu zake.