Nilivyofunga indiketa za LED kwenye Honda CG125 ya zamani

Mtu akiniuliza kwa nini nilihangaika na taa ndogo kama hizi, namwambia aje asimame jioni kwenye barabara ya Iringa, upande wa Mzumbe, atazame malori ya Tunduma yanavyoteremka. Kuingia kulia pale, huku mgongoni una semitrela yenye mzigo wa Zambia, si jambo la kukabidhi kwa globu iliyochoka. Na za kwangu zilikuwa zimechoka kweli. Mtikisiko wa barabara ya vumbi ulikuwa ukizikata filamenti, plastiki za indiketa zilishapauka kwa jua, na injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kuvuta mafuta, huku nimekanyaga breki, indiketa zilipepesa kwa uvivu kama zimelazimishwa.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, ile ya injini ya fito ambayo Honda walianza kuitoa mwaka 1976. Wachina waliinakili baadaye, na bodaboda nyingi tunazopanda leo zina injini ya ukoo huo. Waya nazo mara nyingi zimefuata mpangilio uleule, kwa hiyo mengi ya hapa yatamfaa hata mwenye pikipiki ya juzi. Ila apime kabla ya kuamini rangi.

Rangi za Honda zinafaa kujulikana mapema. Mweusi ni waya wa moto unaopata umeme ufunguo ukishafunguliwa. Kijivu unatoka kwenye flasha, kile kifaa kinachofanya indiketa zipepese, kwenda swichi ya mkono wa kushoto. Rangi ya machungwa ni indiketa za kushoto, bluu mpauko ni za kulia, na kijani ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Fundi aliyekulia kwenye magari ambayo ethi ni nyeusi anaweza kukuunguzia fyuzi hapohapo, maana atafunga mweusi kwenye bodi akijua yuko salama.

Globu za asili kwenye yangu ni wati 10 kila moja. Ukiwasha upande mmoja zinawaka mbili, ongeza na kaglobu ka dashibodi ka wati 3.4, unapata wati 23.4. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampia 2. Kwenye gari mtu hajali, lakini kwa betri ndogo ya pikipiki, inayotegemea koili ndogo ya chaji, ampia 2 zinahesabika.

Swali la kwanza lilikuwa ninunue indiketa nzima za LED, zile nyembamba zinazouzwa madukani, au nibadilishe globu tu ndani ya taa zilizopo. Zile nyembamba sikuzipenda. Zinapendeza usiku, lakini saa saba mchana jua likiwa utosini huoni kitu, na mikono yake laini huvunjika pikipiki ikilala mara moja. Taa za CG ni kubwa, zina kioo cha ndani cha kurudisha mwanga, na mkono wake wa mpira hukunjika ukirudi. Nikanunua globu za LED za kitako cha BA15s, yaani kitako cha milimita 15 chenye pini mbili zinazotazamana sawasawa na kitone kimoja chini. Zipo zinazofanana nazo, BAU15s, ambazo pini zake zimepishana. Hizo hazikai kwenye holda ya CG, hivyo soma maandishi kabla ya kulipa.

Rangi nilichukua ya machungwa, si nyeupe. Wauzaji wengi watakusukumia nyeupe kwa kuwa inang'aa zaidi ukiitazama dukani. Lakini plastiki ya machungwa huchuja sehemu kubwa ya mwanga mweupe, na kwa plastiki iliyopauka kama yangu, LED nyeupe ingetoa mwanga mweupe nje, na trafiki angekuwa na haki ya kunisimamisha. Nikachagua pia zenye vipande vya LED ubavuni, maana kile kioo cha ndani kimetengenezwa kwa mwanga unaotoka pande zote. Globu inayomulika mbele tu inakiacha bila kazi.

Sasa flasha, na hapa ndipo ushauri wa mtaani unapogawanyika. Fundi wa jirani, kijana mzuri ambaye pikipiki nyingi za mtaa wetu zimepita mikononi mwake, alinipokea na suluhisho mkononi.

"Madam, ukifunga LED hazitapepesa. Weka rezista mbili, kila upande moja, umemaliza."

"Kaka, hiyo rezista ni ya omu ngapi?"

Rezista ni kipande kinachovuta umeme wa ziada ili flasha idhani globu za zamani bado zipo. Akaigeuza, ilikuwa omu 6, wati 50. Nafundisha fizikia, kwa hiyo hesabu ilikuja yenyewe: kwa volti 13.5, injini ikiwa inachaji, omu 6 zinapitisha ampia 2.25, wati 30 hivi. Globu mbili za zamani kwa pamoja zilikuwa wati 20! Yaani ununue taa isiyokula umeme, halafu pembeni yake ufunge pasi. Na ni pasi kweli, ile rezista huchemka kiasi cha kuyeyusha kava la plastiki ikigusana nalo. Ukitaka kuigiza globu moja ya wati 10 unahitaji omu 14 hivi, na hata hapo umerudi palepale ulipotoka kwa matumizi ya betri. Sisemi rezista haina mahali. Kwenye magari ya karibuni ambayo upepesaji unafanywa na kompyuta na hakuna flasha ya kuchomoa, huenda huna njia nyingine. Kwenye chombo cha zamani chenye flasha yake, sioni sababu.

Flasha za zamani zinategemea mkondo unaopita kwenda kwenye taa. Ile ya bati la metali mbili hupashwa na mkondo huo, bati linajipinda na kukata, likipoa linarudi. LED hazivuti mkondo wa kutosha kulipasha, kwa hiyo taa inawaka na kuganda. Flasha nyingine, hasa za magari, zimeundwa kukimbia zikihisi mkondo umepungua, ndiyo maana gari lenye globu moja iliyokufa indiketa zake hupepesa kwa pupa. Zikifungiwa LED, zinadhani globu imekufa. Flasha ya kielektroniki yenye pini tatu haina habari na hayo, kwa sababu inapata umeme wake yenyewe na kuhesabu muda ndani yake. Nilichukua hiyo. Zipo pia za LED zenye pini mbili. Hizo hupata umeme wake kupitia taa zenyewe, na nyingine huacha LED zikimemeteka kidogo hata wakati zinapotakiwa kuzima.

Sikuiweka mara moja. Nilichomoa flasha ya zamani, nikaunganisha mweusi na kijivu kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampia 5. Hapo indiketa hazipepesi, zinawaka moja kwa moja kila ukisukuma swichi kushoto au kulia. Namna hii unazipima taa, swichi na ethi bila kuichanganya flasha katika kesi. Taa ikikataa, unajua si yeye.

Nilianza na LED mbili za nyuma, mbele nikaacha globu za zamani. Kila kitu sawa. Nikabadilisha na za mbele, nikasukuma swichi kushoto, zikawaka zote nne, kushoto na kulia, na kaglobu ka dashibodi kakawa kekundu kwa udhaifu.

Hili ndilo linalowafanya watu wengi warudishe LED dukani wakilalamika kwamba ni mbovu. LED ni nzima. CG ina kaglobu kamoja tu ka indiketa kwenye dashibodi, kwa pande zote mbili, na hako hakana ethi yake. Waya mmoja umekwenda kwenye machungwa, wa pili kwenye bluu mpauko. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kaglobu, unaingia upande wa kulia, na kuteremka kwenye ethi kupitia globu za kulia. Ukiwasha kulia, umeme unapita njia hiyohiyo kinyume. Filamenti ya wati 10 ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana, hivyo karibu volti yote inaliwa na kaglobu, na globu za upande wa pili hazipati hata kiasi cha kuwa nyekundu. Waliobuni hivyo walikuwa na akili: waliokoa globu moja na waya wake, na ikafanya kazi kwa miaka mingi.

LED inavunja mpango huo. Niliipima kila moja ikavuta ampia 0.15 hivi, na mkondo mdogo kama huo kaglobu kanaupitisha bila shida. Ndiyo maana upande wa pili nao unawaka. Ndiyo maana pia tatizo halikuonekana nilipokuwa na LED za nyuma peke yake: globu ya mbele ya upande wa pili ilikuwa bado inatoa njia rahisi ya kufika ethi. Najua watu waliokomea hapo makusudi, LED nyuma na globu mbele. Si vibaya, ila filamenti za mbele zitaendelea kukatika.

Dawa yake ni dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zile ambazo kila fundi redio anazo kwenye kopo. Zinabeba ampia 1 na kaglobu kanataka 0.28 tu. Nilikata waya mbili za holda ya dashibodi. Wa machungwa nikaupeleka kwenye dayodi ya kwanza, wa bluu mpauko kwenye ya pili, zote mbili mstari mweupe ukitazama upande wa kaglobu. Miguu ya upande wa mistari nikaiunganisha pamoja na kuifunga kwenye waya mmoja wa holda. Waya wa pili wa holda nikaupa ethi yake, kijani. Sasa umeme wa kushoto unaweza kuingia kwenye kaglobu lakini hauwezi kurudi kwenda kulia. Nililehemu, nikavisha vile virija vya plastiki vinavyosinyaa ukivipasha, maana tepu peke yake ndani ya kikombe cha taa kubwa huachia gundi kwa joto. Dayodi inapoteza kama volti 0.7, kwa hiyo kaglobu kamepungua mwanga kidogo. Kwa macho sijaona tofauti. Cha kuchekesha ni kwamba hako kadude ka dashibodi sasa kanakula umeme karibu sawa na LED mbili za nje kwa pamoja.

Swichi kushoto, zikawaka za kushoto tu. Kulia, za kulia tu. Mita kwenye waya wa upande uliozimwa ikasoma sifuri.

Kabla ya kufunga makava nilipima ethi, kazi ambayo mafundi wengi huiruka. Taa ikiwa imewaka, mita kwenye volti, ncha moja kwenye bati la holda, nyingine kwenye hasi ya betri. Ukipata pungufu ya volti 0.1 unaendelea na safari. Nyuma kulia ilisoma karibu volti 1. Kiungo cha waya wa kijani kilikuwa kijani kweli, kutu ya shaba tupu. Nikakikata, nikaweka kipya, nikasugua bati la holda kwa msasa mpaka likang'aa na kulipaka grisi kidogo. Taa ile ilikuwa dhaifu kuliko wenzake tangu zamani na kila mtu aliilaumu globu.

Flasha mpya ilichukua muda mfupi kuliko yote. Pini zake zina herufi: B kwa mweusi, L kwa kijivu, E kwa kijani. Ya zamani ilikuwa na pini mbili, kwa hiyo ethi niliivuta upya kutoka kwenye fundo la waya za kijani karibu na betri. Fuata herufi, usifuate mahali pini ilipo, maana watengenezaji hawapangi sawa. Niliirudisha kwenye ule mpira wake wa kuning'inia; ndani sasa kuna bodi ya kielektroniki, na mtikisiko ni adui yake kama ulivyokuwa wa filamenti. Nilihesabu kwa saa ya simu, ikapepesa mara 84 kwa dakika. Kanuni za taa za Umoja wa Mataifa zinaruhusu kati ya 60 na 120, kwa hiyo imekaa katikati. Na sasa injini iwe sailensa au imevutwa mafuta, kasi ni ileile.

Fundi wangu alikuja kuona, akasukuma swichi kushoto na kulia, akainama kutazama nyuma ya dashibodi. "Madam, hizo dayodi umezitoa wapi?" Nikampa zilizobaki. Rezista zake bado anaziuza, na simlaumu, wateja wanaziulizia.

Swali ninaloulizwa zaidi sasa ni kwa nini sikuweka LED kwenye taa kubwa vilevile. Kwenye yangu taa kubwa haitoki kwenye betri, inatoka moja kwa moja kwenye koili ya chaji, umeme wa kupishana unaopanda na kushuka na injini. Globu ya LED ya dukani imetengenezwa kwa umeme wa betri. Ukiifunga hapo bila kubadilisha koili na rektifaya, kile kinachogeuza umeme wa kupishana uwe kama wa betri, itatetemeka ukiwa sailensa, na ukivuta mafuta huenda ikaungua kabisa. Hiyo ni kazi nyingine, ya kufungua injini ubavuni, na kwa sasa globu ya kawaida inanifikisha nyumbani.