Mpira au silikoni kwenye mpini wa fimbo

Nimeshaamua. Mpini wa fimbo yangu ya pool umevaa kava la silikoni, tena kipande kifupi, na sehemu ya nyuma imebaki mbao tupu. Jambo hili limenikaa kichwani kaskazi nzima, na wenzangu wa mezani wameshauliza vya kutosha kwa nini nasumbuka na kava wakati wao wanachukua fimbo yoyote iliyoegemezwa ukutani na wanacheza.

Nasumbuka kwa sababu ya jasho. Anayecheza Lushoto hawezi kunielewa, lakini anayecheza Tanga mjini mwezi wa Februari ananielewa kabla sijamaliza sentensi. Feni inazunguka juu ya meza, nguo imegandana mgongoni, na kiganja hakikauki hata ukijifuta kila zamu. Mbao iliyopakwa vanishi inapokutana na kiganja cha namna hiyo hufanya mambo mawili yanayopingana: kwanza inanata, kisha jasho likizidi inateleza. Ndani ya mchezo mmoja fimbo ileile inakuwa fimbo mbili, na mkono haujui ujiandae kwa ipi.

Fimbo nyingi nzuri hutoka kiwandani zimezungushiwa uzi wa kitani, takriban sentimita 30 za mpini. Kitani kikiwa kipya ni raha tupu, kinanyonya unyevu na hakibani mkono. Kwa hali ya hewa yetu, hata hivyo, chumvi ya jasho huingia humo ikakaa, uzi ukawa mweusi, ukakakamaa, na mwisho ukaanza kutoa vinyweleo. Ngozi ni bora zaidi lakini bei yake ni ya watu wengine. Ndiyo maana nikabaki na mpira na silikoni.

Kabla ya kusema lolote juu ya hivyo viwili, niseme kile ambacho nadhani ndicho kiini chenyewe, maana watu wengi hununua kava wakifikiri kazi yake ni kuizuia fimbo isitoke mkononi. Fimbo ya pool haitoki mkononi. Ina uzito wa gramu 510 hadi 595 hivi, imelala juu ya mkono wa mbele, na mkono wa nyuma kazi yake ni kuibeba na kuipeleka. Tatizo ni kwamba ukihisi utelezi, vidole vinabana vyenyewe bila kuulizwa. Vikibana, misuli ya mkono hadi kwenye kiwiko inakaza, kifundo kinajipinda kidogo, na ncha ya fimbo inakwenda pembeni. Ulilenga katikati ya ile nyeupe, yaani mpira unaogongwa kwa fimbo, umegusa kulia kidogo, nayo imeanza kujizungusha bila wewe kutaka. Mpira wa mbali unagonga mdomo wa shimo na kubaki nje. Hapo watu wanalaumu macho.

Kwa hiyo kava zuri ni lile linalokuruhusu kulegeza vidole. Kipimo changu ni hicho tu, na kinabadilisha maswali yote ya dukani. Siulizi tena lipi linashika zaidi.

Kuna mzee mmoja Ngamiani, hapa Tanga mjini, fundi wa meza, anayebadilisha vitambaa na kunyoosha kingo, ambaye mimi namheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifunga. Nilimpelekea sampuli mbili, ya mpira na ya silikoni, nilizoagiza Kariakoo zikaja kwa basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta soksi za fimbo?"

Alichukua lile la mpira kwanza, akalivisha kwenye kipande cha mpini wa zamani, akashika kwa vidole vitatu, akapeleka mbele na kurudisha polepole. Halafu akanitaka niangalie ngozi ya kidole chake cha shahada. Kila alipotaka kidole kisogee hata kidogo, ngozi ilivutwa pamoja na mpira, ikajikunja. "Unaona? Hili linamshika mtu. Mimi napiga kwa kuachia, mkono wangu unateleza nyuma kidogo kabla sijasukuma. Nikivaa hili nimekwisha."

Ni kweli, kuna wachezaji wengi wa umri wake wanaopiga hivyo, mkono ukitelezea nyuma ya mpini sekunde ile ya mwisho. Hata sisi tusiotelezesha kwa makusudi tunahitaji fimbo ijisogeze kidogo ndani ya vidole wakati mkono unapofika mwisho wa mwendo wake. Mpira unaonata unaizuia. Na kuna baya zaidi: msokoto wowote wa kifundo unahamia moja kwa moja kwenye fimbo, kwa sababu hakuna nafasi hata ya nywele kati ya ngozi na mpini.

Mpira naujua kwa karibu kuliko silikoni, kwani upande wa mama tunatoka Muheza, na shamba la mpira la Kihuhwi liko wilaya hiyo. Anayeona mti ukigemwa kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi kazi ilivyo ya taratibu: gome linakatwa kwa mshazari, utomvu mweupe unafuata mfereji ule mwembamba, unadondoka ndani ya kikombe tone kwa tone, kisha unagandishwa kwa asidi. Ule mpira mbichi, ukiuacha hivyo, joto linaufanya unate na baridi inaufanya mgumu. Waingereza walipoanza kuweka mpira mbichi kwenye kingo za meza za biliadi katika karne ya 19, walilazimika kuzipasha kwa maji moto wakati wa baridi ili mipira idunde. Charles Goodyear, Mmarekani, ndiye aliyepata hataza mwaka 1844 ya kuuchoma mpira pamoja na salfa, na tangu hapo mpira ukawa kitu cha kutegemewa. Harufu unayoisikia ukifungua pakiti ya kava jipya la mpira inatokana na salfa na dawa nyingine za kiwandani. Kwa watu wengine dawa hizo, au protini za utomvu wenyewe, huwasha ngozi. Mwenye viganja vinavyowasha haraka asianze na mpira.

Michezo hii ya meza imetuchukulia zaidi ya utomvu. Mipira ya zamani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilibebwa vichwani na mabegani hadi Pangani, hapa jirani, na Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, kisha zikasafirishwa Ulaya na Marekani. Miaka ya 1860 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Leo mipira ni ya plastiki ngumu, na ndovu amepumzika kwa upande huo. Nafikiria jambo hili kila nikipita gofu za pale Pangani, na sioni aibu kusema linaniuma.

Nirudi kwenye kava. Adui wa mpira ni jua, mafuta, joto na ozoni ya hewani. Taratibu unapasuka nyufa ndogondogo, au unalainika na kunata. Fimbo ikiachwa kwenye buti la gari mchana wa Tanga, haichukui misimu mingi kabla kava la mpira halijaanza kuacha weusi kiganjani. Silikoni haiko hivyo. Mnyororo wake umeundwa kwa elementi ya silicon na oksijeni, badala ya kaboni kama mpira, na ndiyo maana jua na ozoni haziifanyi kitu na joto la kwetu haliigusi. Hainyonyi jasho. Unaiosha kwa maji na sabuni, unaifuta, imekuwa mpya.

Lakini nayo ina yake. Inavuta vumbi: vumbi la chaki, nyuzi za kitambaa, poda ya watoto ambayo wachezaji wetu wanaipenda, vyote vinaganda juu yake, na silikoni yenye vumbi inateleza. Ukiigusa kwa wembe kidogo tu, mchaniko unaendelea wenyewe hadi mwisho. Na gundi ya kawaida haiishiki, kwa hiyo ni lazima kipenyo chake kiwe kidogo kuliko cha mpini ili ijibane yenyewe. Ile laini kabisa, isiyo na mchoro wowote, siipendekezi. Kiganja kikilowa, jasho linakosa pa kwenda. Nilichagua yenye vifereji vyembamba, na ukipitisha ukucha unavisikia. Jasho linaingia humo, ngozi inabaki juu.

Sasa uzito, jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Fimbo yangu ina gramu 540, na ukiilaza juu ya kidole inapata mizani sentimita 47 kutoka kitakoni. Kava refu la mpira nililoletewa lina gramu 45, na katikati yake ingekaa kama sentimita 20 kutoka kitakoni. Fanya hesabu: mizani inarudi nyuma hadi karibu sentimita 45. Sentimita mbili zinaonekana si kitu, ila mbele panakuwa pepesi, ncha inapenda kuinuka, na ule uzito niliouzoea juu ya vidole vya mkono wa mbele unapungua. Kipande kifupi cha silikoni cha gramu 20 kinarudisha mizani chini ya sentimita moja. Hilo ninaweza kuishi nalo.

Unene nao. Mpini huwa na kipenyo cha milimita 32 hivi pale kitakoni. Kava lenye unene wa milimita mbili linaongeza nne nzima kwenye kipenyo. Mwenye vidole virefu atafurahi; wangu ni vya wastani, na mpini ukinenepa naanza kuushika kwa kiganja chote badala ya vidole.

Kuvisha kwenyewe hakuna siri. Nilifungua kile kitako cha mpira cha nyuma kwa bisibisi, nikasafisha mpini, nikapaka spiriti kidogo ndani ya kava na juu ya vanishi, nikalisukuma juu huku nikilizungusha. Spiriti inakauka yenyewe na kava linakamata. Mafuta yasitumike kabisa, hayakauki. Yale makava ya kusinyaa kwa joto nimeyaona kwa wavuvi kwenye fito zao za ndoano, na yanashika vizuri, lakini sitaki hewa ya moto karibu na vanishi ya fimbo yangu.

Pa kuliweka nilipapata kwa chaki. Niliinama kama ninayepiga, ncha ikigusa karibu na ile nyeupe, mkono wa chini ya kiwiko ukining'inia wima, mwenzangu akaweka alama vidole vilipokuwa. Kava limekaa hapo, sentimita chache mbele na chache nyuma. Sehemu iliyobaki nyuma ni mbao tupu, kwa ajili ya kufungua mchezo na kwa mipira ya mbali ambapo mkono unashuka. Huko nafuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga.

Mwenzangu yeye anachukua lile la mpira. Ana fimbo ya pili, nzito, ya kutawanyia mipira tu, na kwa kazi hiyo nimemwambia achukue bila wasiwasi: pigo ni moja kwa mchezo, nguvu ni nyingi, anataka fimbo isimponyoke wala isijizungushe. Asiiache kwenye buti, na likianza kuacha weusi alitupe. Kava la mpira ni la bei rahisi, fimbo si ya bei rahisi.