Nilivyokwenda kwenye usaili nikitokea stendi ya Ubungo

Mwaka 2019, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane, nililala stendi ya mabasi Ubungo. Duka la vipuri nililokuwa nikiuza Manzese lilifungwa, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati mimi sikuwa hata na ya mwezi mmoja. Jioni nilikuwa nalipa getini kama msindikizaji, kisha nakaa na begi langu katikati ya abiria wanaosubiri mabasi ya alfajiri. Mwenye begi ni msafiri. Ukionekana huna safari unaitwa mzururaji, na mzururaji kwa sheria zetu alikuwa wa kukamatwa. (Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitamka kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mimi nilikuwa nimeshahama.)

Naandika haya kwa ajili yako unayelala stendi au kwenye baraza za maduka, na umeitwa kwenye usaili.

Usaili wangu wa kwanza niliuharibu kwa swali dogo kuliko yote: "Unakaa wapi?" Nikajibu Sinza. Yule kaka akafurahi, kumbe naye ni wa hukohuko. "Sinza ipi?" Nikasema Kijiweni. "Karibu na nini pale?" Jasho likaanza kunitoka. Kuanzia hapo hata mambo ninayoyajua vizuri, ya kupokea mzigo na kuandika leja, niliyajibu kama mtu aliyefumaniwa. Sikuitwa tena.

Niliporudi nilimsimulia mama aliyekuwa akiuza chai nje ya stendi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuwaambia kuna mama anayekujua? Si kila asubuhi uko hapa kwangu?" Tangu siku ile vyeti vyangu vilikaa kwake, ndani ya bahasha ya nailoni, na kwenye barua zangu za maombi niliandika namba yake chini ya yangu, maana simu yangu ilikuwa haikai na chaji. Simu ya usaili wa pili aliipokea yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ghala, na kazi za ghala zinataka wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu stendi haina mjumbe. Nikarudi Manzese kwa mjumbe aliyenijua, akanipeleka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema hawezi kuandika kwamba naishi pale wakati siishi. Nikamwomba aandike kile anachokijua. Akaandika kwamba niliishi mtaani kwake tangu 2015 hadi Machi 2019 na sikuwahi kufikishwa mbele yake kwa kosa lolote, akagonga muhuri. Mdhamini mmoja alikuwa tajiri wangu wa zamani wa dukani, wa pili yule mama wa chai.

Siku ya kuamkia usaili nililala mchana, msikitini baada ya adhuhuri, nikijua usiku sitapata usingizi. Jioni nilifua shati, lilipokauka nikalipeleka kwa fundi cherehani mwenye pasi ya mkaa. Sikulivaa. Nilikwenda kulitundika kwenye nondo za dirisha la tiketi, nikakaa chini yake hadi saa kumi, mabasi yalipoanza kuunguruma. Saa kumi na moja nikaoga bafu la kulipia, shilingi 500. Begi nililiacha chini ya benchi la mama. Usiingie nalo kwenye usaili, wataliangalia hilo kabla yako. Nikanywa chai na chapati mbili, kwa kuwa njaa hutetemesha sauti, kisha nikapanda daladala hadi Tazara na kutembea kwa miguu kufuata Barabara ya Nyerere.

Aliyenisaili alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia, akaniuliza swali lilelile.

"Kwa sasa sina chumba, mama. Nilipanga Manzese miaka minne, kodi ikanishinda duka lilipofungwa. Nalala stendi, Ubungo. Kazi hapa inaanza saa mbili, na leo nimefika getini saa moja na robo."

Nikanyamaza. Ya njaa na ya mwenye nyumba sikuyagusa. Akaisoma barua ya mwenyekiti kimya, halafu akauliza mzigo ukija pungufu nafanyaje. Nikamwambia: nahesabu mbele ya dereva, naandika upungufu kwenye hati, yeye anasaini na mimi nasaini kabla lori halijatoka. Hapo tukazungumza kama dakika kumi, na ndizo zilizonipa kazi. Ofisi nyingine ingenirudisha mlangoni kwa jibu langu la kwanza, najua. Lakini uongo wa Sinza ulikuwa umeshanirudisha.

Nilianza kama kibarua wa kulipwa kila Jumamosi, nikaendelea kulala stendi wiki tano huku akiba naweka kwa mama. Mwezi wa nane nikapata chumba Vingunguti, kodi ya miezi mitatu. Ofisi ilipotaka barua mpya kwa ajili ya mkataba, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa ule. Akaandika "anaishi", akagonga muhuri, nami nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mbele ya meza yake.