Plazma nyeupe kama maziwa: ninavyopima mgando bila kudanganywa na mafuta

Kuna ushauri unaozunguka maabara na unanikera: "Plazma (majimaji ya damu baada ya seli kutengwa) ikiwa na mafuta, izungushe kwa nguvu kwenye sentrifuji mpaka itakate." Kwa INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, sawa. Kwa kipimo cha chembe sahani (vipande vidogo vya seli vinavyosaidia damu kuganda) umeshaharibu kazi, maana chembe zenyewe zimezama chini ya tyubu.

Mashine nyingi za mgando hutumia mwanga: donge likijitengeneza, mwanga unaopita hubadilika. Plazma yenye trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) nyingi imeuziba tangu mwanzo, kwa hiyo mashine hukataa kujibu au hutoa jibu la uongo. Ikiwepo mashine inayopima kwa kigololi cha chuma kinachonaswa na donge, plazma naipeleka huko, mafuta hayaisumbui. Isipokuwepo, plazma niliyoitenga kwa 1,500 g dakika 15 (g ni nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika) naihamishia tyubu ndogo na kuizungusha tena kwa 10,000 g dakika 10. Mafuta yatapanda na kufanya utando juu. Sasa mkono utulie. Bonyeza pipeti kabla ya kuingia, pitisha ncha ubavuni mwa tyubu, na unapovuka utando sukuma kiputo kidogo cha hewa ili mafuta yasiingie kwenye ncha. Ukifika katikati, vuta taratibu, usiguse chini. Ukiona weupe kwenye ncha, mwaga, badilisha ncha, anza tena. Kuchanganya na maji ya chumvi usithubutu: protini za mgando nazo zinapungua, muda unarefuka.

Kipimo cha chembe sahani kushikana kwa njia ya mwanga ni habari nyingine. Plazma yenye chembe hutengwa polepole, 200 g dakika 10. Hiyo ndiyo sifuri ya mashine, na plazma isiyo na chembe ndiyo asilimia mia ya mwanga unaopita. Zote zikiwa nyeupe, nafasi kati yake ni finyu na grafu haisomeki. Hapo natumia mashine ya damu nzima inayopima kwa elektrodi. Mgonjwa asiye wa dharura arudi asubuhi, masaa 12 bila kula. Aspirini, inayozuia chembe kushikana, asiiache bila ruhusa ya daktari wake.

Idadi ya chembe sahani nayo ihakikiwe kwa slaidi chini ya hadubini, hasa MCHC (wingi wa hemoglobini ndani ya seli nyekundu) ikipita 36 g/dL: matone ya mafuta huhesabiwa kama chembe.

Na jamani, mafuta haya si uchafu wa sampuli tu. LDL (lehemu mbaya) iliyooksidishwa hushika kipokezi CD36 cha chembe sahani, zikawa nyepesi kushikana. Trigliseridi nyingi huandamana na PAI-1 nyingi, protini inayochelewesha donge kuyeyuka. Kwa hiyo kwenye jibu naandika wazi: plazma ilikuwa na mafuta, ilizungushwa upya, na mashine ni ya aina gani.