Protini isiyotakiwa kuwa na rangi

Kazi ilikuwa ya kawaida katika maabara ya mafunzo hapa Unguja: bakteria Escherichia coli, plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo kinachobeba jeni ya protini), na protini ambayo ikishasafishwa huwa haina rangi. Chupa ya lita 2 ilikuwa na mililita 800 za LB, lishe ya kukuzia bakteria, nyingi kwa maoni yangu. Tulikwishatia IPTG, kemikali ya kuwafanya bakteria waanze kutengeneza protini, na kushusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 25 umeme ulipokatika. Jenereta ilibeba mafriza tu; mashine ya kutikisa chupa ikasimama. Bakteria waliojaa vile humaliza oksijeni iliyoyeyuka kwa dakika chache.

Asubuhi mashapo, yaani seli zilizokusanywa chini ya chupa, hayakuonesha kitu. Protini ilitoka kwenye kolamu ya nikeli, bomba la kunasia na kusafishia protini, karibu nyeupe, kisha ikikaa mezani ikageuka rangi ya sharubati ya komamanga iliyozimuliwa.

"Mwalimu, nikeli imevuja?" mwanafunzi mmoja akauliza.

Swali zuri. Lakini nikeli ikivuja rangi huelekea buluu au kijani. Tuliipima: kilele cha protini nanomita 280, na kingine karibu na 400. Tukaimulika kwa tochi ya zambarau gizani, ikang'aa nyekundu. Protini yenye hemu (molekuli yenye chuma inayoipa damu wekundu) nayo hufyonza mwanga hapo karibu na 400, ila haing'ai hivyo. Hii ilikuwa porfirini, molekuli ya jamii ya hemu ila isiyo na chuma.

Bakteria hutengeneza hemu hatua kwa hatua. Mojawapo ya hatua hizo, koproporfirinojeni, haina rangi, na kimojawapo cha vimeng'enya vya kuisogeza mbele hutaka oksijeni. Hewa ikikosekana inarundikana. Ikija kukutana na hewa mezani, inakuwa koproporfirini nyekundu. Dayalisisi, yaani kuiloweka protini ndani ya utando unaopitisha molekuli ndogo tu, haikuitoa. Uzito wake ni kama daltoni 655, na utando wetu ulipitisha hadi 10,000, kwa hiyo ingekuwa huru ingetoka. Ilikuwa imeng'ang'ania protini.

Wengine walitaka kolamu ya pili. Nilipinga, na bado napinga: rangi izuiwe kwenye chupa. Mkupuo uliofuata tulitia mililita 300 tu katika chupa ileile, mizunguko 200 kwa dakika, mashine ikiwa kwenye betri ya akiba. Tuliongeza na feri sitreti, chumvi ya chuma, mikromola 50, kwa kuwa chuma kikipungua hatua ya mwisho ya hemu hukwama na zinki huingia mahali pake. Kabla ya kupasua seli tulimulika mashapo kwa tochi. Hayakung'aa, tukaendelea.